Kintaro Hattori: Mtoto wa muuza vitu vikuukuu aliyeitikisa Uswisi

Na Mwandishi Wetu

WAKUTANISHE wapenzi wawili wa saa za mkono, mmoja wa saa za Uswisi na mwingine wa saa za Japani, kisha jiandae kusikiliza ubishi usiokwisha hata chai ikipoa. Wa kwanza atataja Geneva, Le Locle na La Chaux-de-Fonds, miji ambayo watu wake wamerithishana ufundi wa saa kwa karne kadhaa. Wa pili atavua saa yake, aigeuze mgongo, aonyeshe magurudumu yanavyozunguka, kisha aulize kwa nini mtu alipe fedha mara tatu kwa saa isiyoshika wakati vizuri zaidi.

Ubishi huo haukosi takwimu. Saa ya Uswisi inayopewa cheti cha kronomita hupimwa kwa siku 15 ikiwa katika mikao mitano, na inaruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Wajapani wanaotengeneza Grand Seiko hupima zao kwa siku 17 katika mikao sita, na kiwango chao ni kuchelewa sekunde 3 au kuwahi 5. Kwa mtu anayewahi daladala tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa mkusanyaji wa saa, ni jambo la kukosana na rafiki.

Nyuma ya upande wa Japani katika mabishano hayo yupo mtu mmoja ambaye wengi wanaovaa saa zake hawajawahi kulisikia jina lake. Ni Kintaro Hattori, mwanzilishi wa kampuni iliyozaa Seiko, aliyefariki dunia mwaka 1934. Hakuwa mvumbuzi, wala hakusoma uhandisi. Alikuwa mfanyabiashara aliyeanza kwa kurekebisha saa za watu wengine.

Hattori alizaliwa Oktoba 9, 1860 katika mji ulioitwa Edo, ambao miaka michache baadaye ulibadilishwa jina na kuwa Tokyo. Baba yake, Kisaburo, alikuwa ametoka Nagoya na alijipatia riziki kwa kununua na kuuza vitu vikuukuu. Kintaro alikuwa mtoto pekee. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alipelekwa kufanya kazi katika duka la bidhaa za kigeni eneo la Kyobashi, kama walivyofanya watoto wengi wa wafanyabiashara wa zama zile: kufagia, kubeba mizigo, kutumwa huku na kule, na kujifunza biashara kwa kutazama.

Jirani na duka hilo palikuwa na duka la saa. Inasimuliwa kwamba siku za mvua, wateja walipopungua na wafanyakazi wa maduka mengine kubaki wamekaa mikono mitupu, mafundi wa duka la saa waliendelea kuinamia meza zao wakitengeneza saa mbovu na kuingiza fedha. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anayejua masika yanavyomfanyia ataelewa kilichopita katika kichwa cha kijana huyo. Aliamua kuwa ataingia katika biashara ya saa, kwa sababu ndiyo biashara yenye kula hata mvua ikinyesha.

Alichagua wakati mwafaka, ingawa sidhani kama kwa umri ule aliweza kuupima uzito wake. Wajapani wa enzi zile walikuwa wakigawa mchana katika sehemu sita na usiku katika sehemu sita, kufuata mwanga wa jua. Kwa kuwa siku za kiangazi ni ndefu huko kwao, saa moja ya mchana wa kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya mchana wa majira ya baridi, na mafundi walilazimika kurekebisha saa zao kila majira yalipobadilika. Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza hatuna haki ya kuwashangaa. Tofauti ni kwamba karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo hatukuhitaji kurefusha wala kufupisha kitu.

Mwaka 1872 reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa kati ya Shimbashi jijini Tokyo na bandari ya Yokohama, na treni haisubiri saa zinazonyumbuka. Serikali ya Mfalme Meiji ikafuta kalenda ya zamani pamoja na saa zake, na kuanzia Januari 1, 1873 nchi nzima ikahamia kwenye kalenda ya kimagharibi na saa 24 zilizo sawa. Saa zote za asili zikageuka mapambo karibu usiku mmoja. Nchi ilihitaji saa mpya, na zilizokuwapo zilitoka nje: za ukutani kutoka Marekani, za mfukoni kutoka Uswisi, zote zikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni waliopiga kambi Yokohama.

Mwaka 1874 Hattori alikwenda kujifunza ufundi katika duka moja la saa huko Nihonbashi. Alipoona kuwa anatumwa zaidi ya kufundishwa, mwaka uliofuata alihamia kwa fundi Sakata, aliyekuwa na duka eneo la Ueno. Huko ndiko alikojifunza kufungua saa, kusafisha, kubadili kamani iliyokatika na kuirudisha ikitembea. Baada ya muda Sakata alifilisika. Kijana Hattori, ambaye angeweza kuondoka kimya kimya, alimkabidhi tajiri wake akiba aliyokuwa ameidunduliza kutokana na mshahara wake. Akarudi nyumbani kwa wazazi wake, akatundika kibao cha fundi saa, huku akiendelea kujifunza kwa mafundi wengine.

Mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua duka lake mwenyewe, K. Hattori. Alinunua saa zilizotumika, akazitengeneza na kuziuza, akifuata nyayo za baba yake, isipokuwa kwamba saa ikipita mkononi mwa fundi thamani yake hupanda. Duka lilipata kuungua, akaanza tena. Mwaka 1887 alikwisha kuhamia barabara kuu ya Ginza, mtaa ambao ulikuwa ndiyo dirisha la kila kitu cha kisasa nchini humo.

Siri ya kupanda kwake haikuwa Ginza, bali Yokohama. Makampuni ya kigeni yaliyoagiza saa yalikuwa yakiuza kwa mkopo, na wafanyabiashara wengi wenyeji walizoea kulipa walipojisikia. Hattori alilipa kila deni siku ileile ya ahadi. Haikuchukua muda wageni hao wakaanza kumpa bidhaa nyingi zaidi, kumruhusu muda mrefu zaidi, na kumwonyesha saa mpya kabla ya wengine. Hivyo mtu ambaye baadaye kampuni yake ingewanyima usingizi watengenezaji wa Uswisi alijengwa kwanza na saa za Uswisi zenyewe, alizoziuza kwa uaminifu na kwa faida.

Wengi wangeishia hapo na kufa matajiri. Hattori aliona jambo jingine: kila saa aliyouza ilikuwa fedha inayovuka bahari. Mwaka 1892, pamoja na fundi stadi aitwaye Tsuruhiko Yoshikawa, alianzisha kiwanda alichokiita Seikosha, jina lenye maana ya nyumba ya kazi safi na ya umahiri. Walianza na saa za ukutani kwa kufuata mfano wa zile za Marekani. Mwaka uliofuata kiwanda kilihamia Yanagishima na kufungwa injini ya mvuke.

Wapo wakusanyaji wanaopenda kusimulia historia hii kana kwamba Wajapani walianza na kitu kisichowahi kuonekana. Si kweli, na hakuna aibu katika hilo. Saa ya kwanza ya mfukoni ya Seikosha, iliyotoka mwaka 1895 kwa jina la Timekeeper, ilitengenezwa kwa kuiga saa za Uswisi, na sehemu zake muhimu zilikuwa bado zinaagizwa kutoka hukohuko. Ilikuwa nene na nzito. Kwa miaka mingi kitengo cha saa za mfukoni kilikula fedha badala ya kuingiza, na kilichokiweka hai ni faida ya saa za ukutani, za kengele, pamoja na duka la Ginza lililoendelea kuuza saa za kigeni. Mtu mwenye hesabu za kawaida angekifunga.

Yeye alipanda meli. Mwaka 1899 alizunguka Ulaya na Marekani akitazama viwanda na kununua mashine, na mwaka 1906 akasafiri tena. Alichojifunza ni kwamba fundi hodari peke yake hawezi kushindana na mashine hodari. Magurudumu madogo ya saa, membamba kuliko punje ya mtama, yalikuwa yakichongwa moja moja na kutofautiana. Yoshikawa alibuni mashine ya kuyachonga yenyewe, na mwaka 1909 ikatoka saa ya mfukoni ya Empire, ambayo hatimaye ilileta mapato.

Mwaka 1913 ndio mwaka ambao wapenzi wa saa za Japani huutaja kwa heshima. Wakati huo saa ya mkononi ilikuwa bado inaonekana na wanaume wengi duniani kuwa ni pambo la wanawake, na mwanamume wa heshima alitembea na saa yenye mnyororo mfukoni. Japani kwenyewe hata hizo za mfukoni zilikuwa hazijaenea. Hattori akaamua kutengeneza ya mkononi. Ikaitwa Laurel: kasha la fedha lisilofika milimita 30 kwa upana, uso mweupe wa kauri, tarakimu nyeusi na ile ya 12 kwa rangi nyekundu. Mwanzoni kiwanda kiliweza kutoa chache tu kwa siku, na baadhi ya vipande vyake vidogo bado vilitoka nje. Leo mtu mzima akiivaa itaonekana kama ya mtoto. Hata hivyo ndiyo saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa Japani.

Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka 1914 ilimfungulia mlango usiotarajiwa. Ujerumani, iliyokuwa ikiuza saa za kengele kote duniani, ilijikuta imefungiwa masoko, na Waingereza na Wafaransa wakaleta oda za mamia ya maelfu ya saa hizo kwa Seikosha. Hattori alikuwa tayari ameweka akiba ya chuma na malighafi nyingine kabla bei hazijapaa. Vita ilipokwisha alikuwa mmoja wa watu matajiri wa Tokyo, na vijana waliokuja kiwandani kwake wakiwa wanafunzi wa kazi walikuwa mafundi kamili.

Kisha ikaja Septemba 1, 1923. Saa 5:58 mchana, wakati majiko yakiwaka kwa chakula cha mchana katika nyumba za mbao, tetemeko kubwa lilipiga eneo la Kanto. Moto ulifanya kazi iliyobaki. Zaidi ya watu 100,000 walikufa Tokyo, Yokohama na maeneo ya jirani. Kiwanda cha Seikosha kiliteketea pamoja na mashine zilizokusanywa kwa miaka 30, na duka la Ginza likaungua. Hattori alikuwa anakaribia umri wa miaka 63, na hakuna ambaye angemlaumu kama angehesabu hasara, akagawa kilichobaki kwa wanawe na kupumzika.

Ndani ya majengo hayo kulikuwa na saa za wateja takribani 1,500 zilizoletwa kutengenezwa. Zote ziliyeyuka. Kisheria na kibinadamu janga lile lilitosha kuwa sababu ya kutomlipa mtu yeyote. Hattori alitoa tangazo magazetini akiwataka wote walioacha saa zao wajitokeze, na kila mmoja angepewa saa nyingine inayolingana na ile iliyoungua, bila malipo. Vitabu vya kumbukumbu vilikuwa majivu, hivyo ilibidi neno la mteja liaminiwe.

Ni vigumu kwa mwandishi wa leo kusoma habari hiyo bila kuifikiria kama mbinu ya kujitangaza. Pengine ilikuwa hivyo pia. Lakini gharama ilikuwa ya kweli, kwa mtu ambaye hakuwa na kiwanda. Na ikumbukwe kuwa ni mtu yuleyule aliyempa Sakata akiba yake na kuwalipa wageni wa Yokohama kwa tarehe.

Kiwanda kilijengwa upya. Mwishoni mwa mwaka 1924 ikatoka saa ya mkono ya kwanza iliyoandikwa usoni jina fupi lililokatwa kutoka katika jina la kiwanda: Seiko. Kwa bahati mwaka huohuo karakana nyingine ya Tokyo ilitoa saa ya mfukoni iliyopewa jina la Citizen, kwa pendekezo la Shinpei Goto aliyepata kuwa meya wa jiji hilo. Majina mawili ambayo vijana wa mijini Afrika Mashariki wangekuja kuyaona kwenye mikono ya baba zao yalizaliwa katika jiji moja lililokuwa likiokota vifusi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya heshima. Mwaka 1927 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Makabaila, lililokuwa chumba cha juu cha bunge la Japani. Mwaka 1929 saa ya mfukoni ya Seikosha ilikubaliwa kuwa saa rasmi ya shirika la reli la serikali, na kwa mfanyabiashara wa saa sidhani kama kuna cheti kinachozidi hicho, maana dereva wa treni hanunui jina. Mwaka 1930 alitoa yen milioni tatu kuanzisha mfuko wa kusaidia utafiti wa kisayansi, Hattori Hokokai.

Mwaka 1932 lilikamilika jengo jipya la mawe kwenye kona maarufu ya Ginza, na juu yake mnara wa saa uliochukua nafasi ya ule aliousimika mwishoni mwa karne ya 19. Mzee aliuona ukisimama, lakini hakuufaidi kwa muda mrefu. Alifariki dunia Machi 1, 1934 akiwa na umri wa miaka 73, na mwanawe Genzo akashika usukani. Jengo lile lilinusurika mabomu ya Vita Kuu ya Pili, likatumiwa na majeshi ya Marekani kama duka lao hadi mwaka 1952, na mwaka 1954 likavunjwa kwenye sinema na zimwi Godzilla, jambo ambalo wapenzi wa filamu hulikumbuka kuliko historia nyingine yote ya mnara huo.

Yale yaliyowaumiza Waswisi yalitokea baada ya kifo chake, lakini yalitoka katika viwanda alivyovipanda. Mwaka 1960 ilitoka Grand Seiko, ikiwa na lengo la wazi la kusimama kifua kwa kifua na saa bora za Uswisi. Mwaka 1963 ikaja Seiko 5, ya kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, yenye siku na tarehe, imara na ya bei ya mfanyakazi wa kawaida. Hiyo ndiyo iliyoingia Asia na Afrika na kuzoeleka mikononi mwa walimu, makarani na mabaharia. Mwaka 1964 Wajapani walipeleka saa zao kushindana katika majaribio ya kituo cha unajimu cha Neuchâtel, Uswisi, na kuachwa mbali. Walirudi tena na tena. Mwaka 1968 huko Geneva, saa zao zilikuwa bora kupita zote za kamani. Zilizowatangulia zilikuwa za umeme.

Desemba 25, 1969 Seiko ikaanza kuuza Tokyo saa ya Astron, ya kwanza ya mkono ya kwatsi kufika sokoni. Bei yake, yen 450,000, ilikaribia ile ya gari dogo, lakini haikupotea zaidi ya sekunde tano kwa mwezi. Bei ya teknolojia hiyo ilipoporomoka, viwanda vya Uswisi vilivyoajiri watu wapatao 90,000 mwaka 1970 vilibaki na takribani theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Familia nyingi za mabonde ya Jura hazikuhitaji kuelezwa Seiko ni nani. Waswisi walijiokoa kwa njia mbili: Swatch ya plastiki mwaka 1983, na kuigeuza saa ya kamani kuwa kitu cha anasa.

Njia hiyo ya pili ndiyo iliyozaa wakusanyaji wa leo, wanaopuuza betri na kutafuta magurudumu. Nao Wajapani wameifuata. Tangu mwaka 2017 Grand Seiko inauzwa kama chapa inayojitegemea, na baadhi ya saa zake zina bei ambayo mpenzi wa Uswisi hawezi tena kuicheka. Ubishi wa nani anang'arisha chuma vizuri zaidi, na kama jina la Geneva lina haki ya kulipiwa, unaendelea.

Wakusanyaji wanaofika Tokyo hupitia makumbusho ya Seiko, yaliyohamia Ginza mwaka 2020. Wengi hukimbilia kwanza saa ya Laurel na kuipiga picha. Hapo hapo makumbusho kipo kitu kingine kisicho na mkanda wala akrabu, na ambacho hakuna mnada utakaokipangia bei: bonge jeusi la saa za mfukoni zilizoyeyuka na kushikamana katika moto wa mwaka 1923, nyingine bado zikionyesha mviringo wa uso wake.